Mwarobaini Hauchukui Nafasi ya Dozi

Mazungumzo na wahudumu wa afya wa vijiji, Dodoma



Ndugu zangu, hapa Dodoma Mungu ametujalia mimea yenye faida. Unga wa ubuyu una vitamini C nyingi kuliko chungwa. Zabibu zetu zina viini vinavyosaidia kulinda seli za mwili zisiharibike. Nayo majani ya mwarobaini, yakipimwa maabara, yameonekana kuzuia bakteria kadhaa wasikue.

Lakini bakteria kufa maabara si sawa na mgonjwa kupona. Kifua kikuu kwa kawaida huhitaji vidonge kwa miezi 6. Anayepata nafuu, akaacha vidonge na kushika mwarobaini, anaweza kurudiwa na kifua kikuu sugu na kuambukiza nyumba nzima.

Tusiwadharau waganga wa tiba asili. Sheria ya mwaka 2002 inawatambua. Tukae nao, tuwaombe kila mwenye kikohozi cha wiki 2 wampeleke zahanati. Wajawazito na watoto wachanga wasinyweshwe mwarobaini.

Mgonjwa anywe uji wa ubuyu, na vidonge avimalize.