Saa Elfu Moja Hazitoshi: Kukadiria Uhai wa Vyuma vya Mabomba ya Mvuke



Bomba kuu la mvuke katika mtambo wa kisasa wa umeme wa makaa hukaa kwenye nyuzi 600 za Selsiasi au karibu na hapo, usiku na mchana. Kwa joto hilo chuma hurefuka kidogo kidogo, hata kama mkazo uliomo ni mdogo, na mwisho wake hupasuka. Hiyo ndiyo kripu. Msanifu hutakiwa kujua mkazo utakaolipasua bomba baada ya saa 100,000, yaani zaidi ya miaka 11. Kwa kuwa hawezi kusubiri, hujaribu vipande vidogo kwenye joto la juu zaidi, kisha hupiga hesabu.

Hesabu iliyozoeleka ni ya Larson na Miller ya mwaka 1952: joto kwa Kelvin, mara jumla ya namba C na logi ya saa za kupasuka. Kwa mkazo mmoja, jibu huchukuliwa kuwa halibadiliki. Tuseme kipande kimepasuka baada ya saa 1,000 kwenye nyuzi 650. Tukiweka C kuwa 20, kwenye nyuzi 600 kitadumu takriban saa 21,000. Tukiweka 30, takriban saa 78,000. Jaribio ni lilelile!

Hata hivyo, linalonitia wasiwasi zaidi limo ndani ya chuma chenyewe. Vyuma vya kromiamu ya asilimia 9 hadi 12, ikiwemo P91 iliyobuniwa Oak Ridge, Marekani, hupata sehemu kubwa ya nguvu zake kutokana na punje ndogo mno za vanadi na niobi zilizoungana na nitrojeni au kaboni. Punje hizo huzuia kasoro za fuwele zisisogee. Kromiamu ikifika asilimia 11 au 12, baada ya maelfu ya saa huanza kuota punje za aina nyingine, ziitwazo awamu Z. Hizi ni kubwa na chache, nazo hukua kwa kuzimaliza zile ndogo. Jaribio fupi huisha kabla hayo hayajatokea, kwa hiyo mstari wa grafu huonekana umenyooka, kumbe mbele unaporomoka. Kuna vyuma vilivyokwisha kuidhinishwa ambavyo ikabidi vishushiwe mkazo unaoruhusiwa.

Napendekeza tufuate njia ya watafiti wa Japani: data zigawanywe kwenye nusu ya mkazo ambao kwao chuma huanza kubadilika umbo bila kurudi kilivyokuwa, kwa joto la jaribio, na makadirio ya muda mrefu yatokane na upande wa chini tu. Data zitapungua sana. Nakubali hasara hiyo, maana zile za mkazo mkubwa zinaeleza chuma ambacho bado hakijabadilika.

Maungio ya kulehemu yawe na modeli yake. Pembeni mwa weldi, pale joto lilipozifanya chembe za chuma kuwa ndogo sana, P91 hupasuka mapema kuliko bomba lenyewe, na hesabu ya chuma kisicholehemiwa haiwezi kulionyesha hilo.