Sumaku si Hakimu

Leo nataka kusema nanyi habari za chuma cha pua kisichoshika kutu, kile king'aacho katika vijiko, sufuria na matangi ya maji.

Watu wengi hukijaribu kwa sumaku. Kikinata, husema ni cha uongo; kisiponata, hutoa fedha zao kwa furaha. Shemeji yangu mvuvi alinunua bolti za mashua yake, akazijaribu hivyo mbele yangu. Hazikunata, nasi tukaridhika. Kabla ya mwaka kwisha, kutu ilikuwa imezila shingo zake ndani ya ubao, mahali jicho lisipofika. Kwa bahati njema ubao ulilegea mashua ikiwa imepwelewa pwani. Kama ungalilegea katikati ya bahari, leo ningalikuwa na habari nyingine ya kuwaambia.

Sumaku haikusema uongo. Sisi tuliiuliza neno isilolijua. Mwaka 1913, mjini Sheffield katika Uingereza, Harry Brearley aliyeyusha chuma pamoja na kromi, karibu sehemu 13 katika kila 100. Kromi hiyo hufanya utando mwembamba mno juu ya chuma, nao ndio uzuiao kutu. Lakini madaraja ya chuma hiki ni mengi.

Daraja la 304 lina kromi sehemu 18 hivi na nikeli 8; ndiyo sababu vijiko huandikwa 18/8. Daraja la 316 limeongezwa molibdeni, sehemu 2 hadi 3, nalo hustahimili chumvi ya bahari zaidi. Daraja la 201 limepunguzwa nikeli na kuongezwa manganizi; bei yake ni nafuu, walakini hushindwa na kutu upesi. Haya yote matatu kwa kawaida hayanati. Daraja la 430 halina nikeli, nalo hunata, lakini ni chuma halali kwa vyombo vya jikoni. Basi sumaku itatenga vipi chema na dhaifu?

Fanyeni hivi. Kwanza, someni alama. Kichwani mwa bolti, A2 ni jamii ya 304, na A4 ni jamii ya 316. Kwa kazi ya baharini takeni A4. Pili, kwa kuwa alama yaweza kughushiwa, mnunuapo mabamba au mabomba mengi dai hati ya kiwanda, mlinganishe namba iliyomo na ile iliyochapwa juu ya chuma. Tatu, mkiwa na shaka, pelekeni kipande kwa wapimaji wenye mashine ya eksirei. Huonyesha kiasi cha kromi, nikeli na molibdeni bila kukata chuma.

Wazee walisema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Ulizeni kilichomo kabla ya kulipa.