Kidole Nacho Kifunge

Mawaidha kwa vijana na wazazi, baada ya swala ya Alasiri, Nakuru

Bismillahir Rahmanir Rahim. Shukrani zote anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na maswahaba zake. Ama baad.



Niliombwa nizungumze juu ya gemu, intaneti na haya magrupu ya simu. Nadhani wazee walinichagua kwa sababu nimepita madrasa na sasa niko chuo kikuu, wakasema huyu atawakemea wenzake kwa lugha wanayoielewa. Wazee wangu, mnisamehe. Sikuja kukemea mtu. Nimekuja kusema ninayoyaona, na mengine nimeyafanya kwa mkono wangu mwenyewe.

Tuanze na gemu, kwa sababu ndizo zinazolalamikiwa zaidi. Hapa Nakuru ni mtaa gani hauna kibanda cha gemu? Bondeni, Kaptembwa, Langalanga, Free Area, kote utakuta chumba kidogo, runinga mbili tatu, PlayStation zilizochoka, na watoto wamebanana kwenye benchi. Unalipa kwa mechi. Mimi nimekulia humo. Kuna siku nilitumwa madrasa, juzuu kwapani, nikaishia kwenye benchi mpaka jua likazama. Maalim alinipata, na mzee nyumbani akamalizia kazi. Yaliyofuata sitaki kuhadithia.

Je, gemu ni haramu? Masheikh wetu wametufundisha kwamba asili ya mambo ya kidunia ni kuruhusiwa mpaka ije dalili ya kukataza. Basi tusiulize mashine, tujiulize sisi. Je, mechi imekupitishia swala? Je, unayoyaona kwenye skrini ungeyatazama mama yako akiwa amekaa kando? Na je, pesa yako inaingiaje pale?

Hilo la pesa nataka nilisimamie kidogo, maana wengi hatulijui. Vibandani kuna mtindo kwamba anayeshindwa ndiye anayelipia mechi ya wote wawili. Tunaona ni utani tu. Masheikh wengi huuhesabu kuwa ni kamari, kwa sababu kila mmoja anaingia akijua ama atacheza bure kwa mali ya mwenzake au atalipa mara mbili. Na kamari imekatazwa waziwazi katika Suratul Maida. Dawa yake ni nyepesi: kila mtu ajilipie. Mwenzetu aliyezoea kuweka shilingi ishirini kwenye benchi, kesho simu itamwonyesha namna ya kuweka mia mbili kwenye timu za Ulaya, na keshokutwa ada ya chuo. Nimeona wenzangu wakikosa kufanya mitihani kwa njia hiyo.

Lakini nitakisema kibanda kwa wema pia, kwa sababu haki ni haki. Kwenye benchi ile tulikaa Mnubi, Mkikuyu, Mkalenjin, Mluo, Msomali, Mluhya. Ukifungwa mabao manne unazomewa, na anayekuzomea bega lake limegusana na lako. Ukimtukana mtu, unamwona uso ukibadilika. Hapo hapo unajua umepita mpaka, na usipoomba radhi kesho hupati wa kucheza naye. Uso wa mwenzako ndio uliokuwa refa.

Mama zetu, hapa ndipo nataka mnisikilize. Mzazi anayemkataza mtoto kwenda kibandani, kisha akamnunulia simu na bando ili atulie chumbani, amefunga dirisha akaacha mlango wazi. Simuni kuna gemu vilevile, na kuna watu elfu anaocheza nao na kuzungumza nao. Tofauti ni kwamba hawaoni nyuso zao, nao hawauoni wake. Refa ameondoka.

Ndugu zangu, sisi watu wa Nakuru ndio tusiohitaji kufundishwa jambo hili. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 nchi yetu iliwaka. Tume ya Jaji Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa. Mwishoni mwa Januari 2008 moto ulifika hapa Nakuru na Naivasha. Mimi nilikuwa mtoto mdogo, lakini wakubwa wangu hawajasahau Uwanja wa Maonyesho ulivyojaa mahema ya waliofukuzwa makwao. Wakati huo WhatsApp haikuwapo, ilianza 2009. Zilikuwepo SMS tu. Na zilitosha. Ujumbe mfupi ulikuwa ukizunguka kutoka simu hadi simu: kabila fulani wanakuja, kabila fulani wamefanya hivi, jitayarisheni. Jirani uliyekopeshana naye chumvi miaka kumi akageuka jina la kabila kwenye skrini. Ukishaacha kumwona uso, ni rahisi kumchomea nyumba.

Hata kwenye intaneti yenyewe mambo yalikuwa hayo hayo. Palikuwa na uwanja wa mazungumzo wa Wakenya ulioitwa Mashada, maarufu sana siku zile. Matusi ya kikabila yakajaa mpaka msimamizi wake, David Kobia, akaufunga mwisho wa Januari 2008, akafungua ukurasa mwingine wenye jina la kusema kwamba sina kabila. Mwezi huo huo yeye na Wakenya wenzake, baada ya wito wa Ory Okolloh, wakaanzisha Ushahidi, programu iliyopokea habari za ghasia kwa simu na intaneti, wakajaribu kuzihakiki, wakaziweka kwenye ramani ili watu wajue hatari iko wapi. Mwaka 2010 programu hiyo iliyozaliwa Kenya ikatumika Haiti baada ya tetemeko la ardhi.

Mnaona? Nchi ni hiyo hiyo, mwezi ni huo huo, simu ni zile zile. Mmoja alituma bila kuuliza na mwingine aliuliza kwanza. Kwa hiyo mtu akiniambia teknolojia ni ya shetani, simkubalii. Na akiniambia ni maendeleo tu, haina neno, huyo pia simkubalii.

Tangu hapo kasi imeongezeka. Mwaka 2009 nyaya za baharini zilifika Mombasa, mmoja ukitokea Fujairah, na intaneti iliyokuwa ikija kwa setilaiti, ghali na ya kusuasua, ikawa ya kila mtu. Hata wenye WhatsApp wenyewe waliogopa. Mwaka 2018 huko India watu waliuawa na makundi ya raia kwa uvumi wa simu kwamba wanaiba watoto. Mwaka 2019 kampuni ikaweka mpaka duniani kote: ujumbe mmoja usifowadiwe kwa zaidi ya watu au magrupu matano kwa mara moja. Sisi Waislamu mpaka wetu tuliwekewa zaidi ya miaka 1,400 iliyopita. Suratul Hujurat, aya ya 6, inatuamrisha tukiletewa habari tuipeleleze kwanza, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua kisha tukabaki na majuto. Tunaisoma aya hiyo kila Ramadhan. Mimi nilikuwa nimeihifadhi.

Sasa nisikilizeni niliyoyafanya mimi niliyeihifadhi.

Ramadhan ya mwaka juzi, ujumbe wa sauti uliingia kwenye grupu ya mtaa wetu. Sauti ya mwanamke, ati tusinunue sambusa kwa mama fulani, nyama yake si ya kuchinjwa kihalali. Hakusema amejuaje. Ilikuwa saa kumi na moja jioni, nina njaa, na nikajiona ninaipigania dini. Nikafowadi mara tatu: grupu ya madrasa, grupu ya chuo, grupu ya familia. Kazi ya sekunde kumi.

Siku ya pili sinia la mama yule lilirudi nyumbani limejaa. Siku ya tatu pia. Ni mjane, na Ramadhan ndiyo msimu anaotafutia ada za watoto. Wazee wa msikiti walipofuatilia, wakamkuta mwenye bucha anayemuuzia nyama kila siku, na anayechinja ni mtu tunayesimama naye safu moja katika swala. Habari yote ilikuwa uwongo. Na mimi nilikuwa nimefunga siku tatu, sili, sinywi, huku nikila nyama ya ndugu yangu.

Mama yangu ndiye aliyenipeleka. Alinishika mkono kama mtoto wa chekechea. Nikaomba msamaha. Yule mama aliniangalia kwa muda, akasema, "Mwanangu, mimi nimekusamehe. Lakini wewe uliwaambia watu wangapi? Nenda ukawaambie na hao."

Nikatuma masahihisho kwenye magrupu yale matatu. Kwenye grupu ya madrasa ule uwongo ulikuwa umejibiwa na watu zaidi ya ishirini. Ukweli ulijibiwa na wawili. Hapo ndipo nilipofahamu kwa nini tunafundishwa kwamba haki ya mja haiishi kwa kusema astaghfirullah peke yake, ni lazima umrudishie mwenyewe. Sasa ningemrudishia vipi? Siku zilizobaki nilikwenda nikakaa naye mezani, nikauza sambusa, ili watu waone uso wangu na uso wake pamoja. Wengine walirudi. Wengine hawajarudi mpaka leo, na hao wako kwenye shingo yangu.

Ndugu zangu, Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba kumtaja ndugu yako kwa analolichukia ni kumsengenya hata kama lipo, na kama halipo umemzulia. Zamani jambo hilo lilihitaji ulimi. Siku hizi ulimi unanyamaza na kidole kinasema. Basi tumbo likifunga, kidole nacho kifunge.

Kifunge vipi? Nina mambo manne tu, kisha niwaache mkatafute tende.

Kwanza, ujumbe wowote unaomtaja mtu, duka, msikiti au kabila kwa ubaya, usiutume mpaka umuulize anayehusika. Huna namba yake? Basi si habari yako.

Pili, nyinyi wasimamizi wa magrupu, grupu ni kama baraza ya nyumba yako. Akisengenywa mtu barazani kwako, huwezi kusema mimi nilikuwa nimelala.

Tatu, vijana wenzangu, usiandike neno ambalo huwezi kumwambia mtu akiwa bega kwa bega nawe kwenye benchi. Na gemu baada ya Tarawehe ziwe na mwisho, maana anayecheza mpaka saa tisa usiku hula daku bila nia na huikosa Alfajiri.

Nne, wazazi wetu, kabla ya kuivunja ile simu, kaeni na mtoto dakika ishirini. Mwambieni awaonyeshe anacheza nini na ni nani anayezungumza naye. Chezeni naye mechi moja. Mtafungwa mabao mengi, lakini siku atakayotishwa na mtu asiyemjua huko mtandaoni, atakuja kwenu.

Uchaguzi huja na kwenda, na simu zetu zina kasi kuliko zile za 2008. Tunamuomba Allah (S.W.) azikubali funga zetu, atusamehe tuliyoyatuma tusiyoyajua, awape riziki tuliowaharibia, na aihifadhi Nakuru yetu na nchi yetu. Amin.

Na mkitoka hapo nje, kando ya lango, kuna mama anauza sambusa. Nyama nimeiona ikichinjwa. Mnunulieni.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh.