Kibao cha Ukumbusho wa Wapiga Mizinga
(Maneno yaliyosemwa katika mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Mmenipa dakika chache nizungumze juu ya kibao tunachotaka kukiweka shuleni. Nitaanzia Kaboya, wilayani Muleba, walikolala askari wetu waliokufa katika vita vya Kagera. Mwaka jana nilisimama pale, nikamkumbuka mwenzetu mmoja wa kikosi cha mizinga ambaye hayumo, kwa sababu yeye alirudi hai.

Tulilala bweni moja. Alikuwa bingwa wa hesabu, nami nilikuwa bingwa wa kunakili daftari lake. Majeshi ya Idi Amin yalipotuvamia Oktoba 1978, mkoa wetu ukiitwa bado Ziwa Magharibi, yeye alikwisha kuwa askari. Daraja la Kyaka lilivunjwa, na mizinga yetu ikawa inapiga kutoka ng'ambo ya kusini ya mto kabla askari wa miguu hawajavuka. Waganda waliyaita makombora yetu Saba Saba.

Mzinga haupigwi kwa hasira, ndugu zangu. Hupigwa kwa hesabu: umbali, pembe, upepo. Aliniambia, "Shuleni ukikosea unapata sifuri. Kule ukikosea, anakufa mwenzako."

Alirudi na sikio moja lisilosikia. Habari za Kampala, iliyotekwa tarehe 11 Aprili 1979, alizisimulia kwa furaha. Habari za Masaka, iliyoanguka Februari kwa kishindo cha mizinga, hakuzipenda. Alisema tu, "Nyumba zile zilikuwa na wenyewe." Alifariki kijijini kwake, akazikwa kama mkulima mwingine yeyote.

Jina lake silitaji leo, maana jamaa zake hatujawauliza. Na hilo ndilo ombi langu la kwanza: kamati iende Ngara na Biharamulo, nyumba kwa nyumba, iwaulize wenyewe. La pili: kibao kiwataje wenzetu wote waliokwenda, waliokufa na waliorudi. La tatu: kisiandikwe maneno ya kujigamba. Majina yatosha.

Tukiwahi, tukifungue tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa. Tusipowahi, tungoje mwaka mwingine, lakini jina lolote lisiachwe. Mimi nina deni la daftari la hesabu, na sina pengine pa kulilipia.