Kuhama Chuo cha Sheria au Kuomba Nyongeza ya Ufadhili



Wengi wetu tumekulia katika utaratibu ambao fedha za masomo hupangwa na bodi ya mikopo. HESLB kwa Tanzania au HELB kwa Kenya ikishatoa mgawo, unakata rufaa. Huendi kupatana na mkuu wa chuo. Ndiyo maana barua ya ufadhili kutoka chuo cha sheria cha Marekani tunaipokea kama hukumu, ilhali mara nyingi ni bei ya kuanzia tu. Vipo vyuo vichache visivyotumia fedha kushindania wanafunzi wenye alama za juu: Harvard, Yale na Stanford hutoa ruzuku kwa kuangalia uhitaji.

Mada hii inamhusu aliyemaliza mwaka wa kwanza kati ya mitatu ya JD, shahada ya sheria ya Marekani. Kafaulu vizuri, na chuo chenye jina kubwa zaidi kimemkubali. Ahame, au abaki aombe kuongezewa?

Kwanza ajue kwa nini anatakiwa. Alama za LSAT, mtihani wa kuingilia vyuo vya sheria, za anayehamia haziingii katika takwimu za wanaoanza mwaka wa kwanza, na takwimu hizo ni miongoni mwa vigezo ambavyo U.S. News hutumia kupanga vyuo kwa ubora. Ufadhili mnono hutolewa kuzipandisha. Anayehamia hazipandishi, analeta ada tu, basi mara nyingi ataitoa yote.

Tuseme chuo chake kinatoza dola 60,000 kwa mwaka na kinamfadhili nusu. Kile kikubwa kinatoza 75,000 bila ufadhili. Kwa miaka miwili iliyobaki, ni 60,000 dhidi ya 150,000. Dola 90,000 ndizo bei ya jina. Zaidi ya hapo anaacha nafasi yake darasani na walimu ambao wangemwandikia barua. Usaili wa makampuni makubwa ya mawakili nao siku hizi huanza mapema. Huenda akasailiwa kabla majibu ya uhamisho hayajatoka.

Mikopo pia imebana. Kwa sheria iliyotiwa saini Julai 2025, mkopo wa serikali kuu wa Grad PLUS unafungwa kwa wakopaji wapya kuanzia tarehe 1 Julai 2026, na mkopo wa serikali kuu kwa mwanafunzi wa sheria unakomea dola 50,000 kwa mwaka. Mwenye viza ya mwanafunzi wa kigeni, F-1, hata huo haupati.

Kwa maoni yangu, ahame anayetaka ualimu wa sheria, ukarani kwa jaji wa shirikisho, au kampuni zinazochuja waombaji kwa jina la chuo. Wengine waitumie barua ya udahili kuombea nyongeza. Wala si usaliti: chuo anachoombea huhitaji nakala ya matokeo na barua ya hadhi njema kutoka chuo chake, kwa hiyo ofisini huenda wameshajua. Aandike kwa heshima, ataje kiasi anachoomba, aambatanishe udahili, asitishie kuondoka ikiwa hana nia. Mkuu wa kitivo hapendi kumpoteza mwanafunzi anayetarajiwa kufaulu mtihani wa uwakili.

Jibu likija, asome masharti kabla ya tarakimu. Ufadhili unaotegemea wastani wa alama (GPA) ni hatari pale alama zinapopangwa kwa kulinganisha wanafunzi wenyewe kwa wenyewe, maana lazima baadhi waanguke. Chama cha mawakili cha Marekani, ABA, hulazimisha vyuo kutangaza kila mwaka ni wangapi waliopunguziwa au kunyang'anywa ufadhili wa masharti. Aombe sharti hilo lifutwe kwa maandishi, na asilipe amana ya chuo kipya kabla hajajibiwa.