Kijiko cha mafuta kwenye uji wa mtoto

Siku ya mgao, mafuta ndiyo ya kwanza kufika sokoni. Ni mepesi kubeba, wanunuzi hawakosekani, na nyumbani sabuni imekwisha. Sikulaumu. Lakini kabla hujauza chupa yote, sikiliza mwili unayatumiaje.

Gramu moja ya mafuta huupa mwili kalori karibu 9. Gramu moja ya unga, karibu 4. Mtoto mdogo ana tumbo dogo, hushiba uji kabla hajapata nguvu anayohitaji. Kijiko kimoja cha chai cha mafuta kwenye bakuli lake humwongezea kalori karibu 40, na uji haujai zaidi.

Mwili hauyawashi mafuta kama taa ya chemli. Huyakata kwanza. Asidi ya mafuta ni mnyororo wa kaboni. Chukua mawese, ambayo ndugu wa Kongo na Burundi mnayajua vizuri: asidi iliyo nyingi humo ina kaboni 16. Ndani ya seli, kwenye vijumba vidogo viitwavyo mitokondria, mnyororo huo hukatwa kaboni mbilimbili, mara 7, na kutoa vipande 8. Vipande hivyo huchomwa kwa oksijeni tunayovuta. Hapo ndipo moyo hupata nguvu ya kupiga, na miguu nguvu ya kufuata kuni.

Ubongo ni mteuzi. Hautumii minyororo hiyo, unataka sukari. Mtu akikaa muda mrefu bila kula, ini hugeuza vipande vya mafuta kuwa ketoni, na hizo ubongo huzikubali. Mtu mzima mwenye akiba mwilini huvumilia hivyo siku kadhaa. Mtoto aliyekonda hana akiba hiyo. Usiku mmoja bila chakula unaweza kumshusha sukari hadi apoteze fahamu. Ndiyo maana wahudumu wa afya husisitiza alishwe hata usiku.

Na wewe mzazi, kama utepe wa kupimia mkono umeonyesha rangi nyekundu, au miguu ya mtoto imevimba, usimtibu nyumbani kwa mafuta na vyakula vizito. Mwili uliozoea njaa huweza kuzidiwa ukishibishwa ghafla. Mpeleke kituo cha afya leo, na kama ananyonya, mnyonyeshe hata njiani. Karanga lishe atakayopewa ni dawa yake peke yake. Kaka na dada zake wasigawiwe.