Mgeni Ameweza, Sembuse Shangazi?

 

Leo nazungumza hasa na mama mwenye mtoto mlemavu, yule ambaye kwa muda mrefu hajaenda matanga, harusi wala mkutano wa chama. Ukimwuliza, anajibu, "Nikitoka, nani atamlisha? Nani atamgeuza? Hakuna anayemjua ila mimi." Ili tulijibu swali hilo, twende ng'ambo kidogo.

Mwezi wa Julai, sisi tukiwa tumejifunika sweta, kule Marekani ni kiangazi. Shule zimefungwa, na watoto wengi hupelekwa kambini mashambani, wakacheze na kuogelea. Zipo kambi za watoto na watu wazima wenye ulemavu: wasiotembea, wasiosema, wenye kifafa, wenye mtindio wa ubongo. Wanaowahudumia ni vijana. Wengine hujitolea tu, wengine hupewa posho, na baadhi yao hutoka nchi za mbali. Kijana wa nchi nyingine anayeenda huko kwa kazi ya kambi hutumia viza iitwayo J-1. Ni lazima awe ametimiza miaka 18, na muda wake hauzidi miezi 4. Wengi wao hawajawahi hata siku moja kumlisha wala kumwogesha mtu mlemavu.

Kambi mojawapo iliyopata sifa ni Camp Jened, jimbo la New York, iliyofunguliwa mwaka wa 1951 na kufungwa mwaka wa 1977. Judith Heumann alienda huko tangu utotoni. Alipata polio akiwa na umri wa miezi 18, akawa anatumia kiti cha magurudumu. Alipofika miaka 5, shule ilimkataa, ikidai kwamba kiti chake kingekuwa hatari moto ukizuka. Kambini alipokewa kama watoto wengine, na baadaye naye akawa mhudumu huko. Mwaka wa 1977 aliongoza watu wenye ulemavu kukaa ndani ya jengo la serikali mjini San Francisco kwa zaidi ya wiki 3, hadi kanuni za kulinda haki zao zikatiwa sahihi. Baadhi ya waliokaa naye walikuwa wamejuana kambini. Mnaona, mama zangu? Watoto hao waliachwa mikononi mwa wengine, nao hawakupotea. Walikua.

Sasa, yule kijana mgeni hujifunzaje kazi kwa siku chache? Kwanza, mzazi huandika kila kitu kuhusu mtoto wake. Pili, kijana huonyeshwa kwa vitendo kabla ya kuachiwa mtu. Tatu, hufundishwa kumwuliza mwenyewe: "Nikushike wapi? Unataka kula nini kwanza?" Hamwinui mtu kama gunia bila kumwambia.

Haya yote yanawezekana nyumbani kwako. Chukua karatasi moja. Kama huandiki, mwambie mtoto mkubwa akuandikie. Weka mambo haya matano:

1. Chakula. Aketishwe wima, asilishwe akiwa amelala chali. Kijiko kiwe kidogo, na mlishaji angoje ameze kwanza. Akimaliza, abaki ameketi kama nusu saa.

2. Kugeuzwa. Asiyeweza kujigeuza kitandani ageuzwe kila baada ya saa 2 hivi. Matako, mgongo na visigino vikaguliwe. Ngozi ikibadilika rangi na isirudi, hicho ni kidonda kinaanza.

3. Kifafa. Alazwe ubavu, vitu vya kumwumiza viondolewe karibu. Asibanwe, wala asitiwe kijiko au kitu chochote mdomoni. Mshtuko ukipita dakika 5, au ukifuatwa na mwingine kabla hajapata fahamu, akimbizwe hospitali.

4. Dawa. Andika jina, kipimo na saa.

5. Ishara zake. Anasemaje ndiyo? Anasemaje hapana? Anafanyaje akiumwa, au akitaka choo? Hili ndilo lililo moyoni mwako peke yako, na ndilo linalokufanya uamini kwamba hakuna mwingine awezaye.

Karatasi ikiwa tayari, chagua mtu mmoja unayemwamini: shangazi, nyanya, dada yake au jirani. Siku ya kwanza atazame unavyofanya. Siku ya pili afanye yeye, wewe utazame. Akishaweza, nenda sokoni kwa saa moja, urudi. Safari nyingine kaa saa mbili. Lakini tafadhali, usimwachie mtu yeyote tu. Ukirudi, mwulize mtoto kwa ishara zake alivyoshinda, na umtazame mwili. Akionyesha hofu kwa mtu huyo, usipuuze.

Na mtoto mwenyewe apewe nafasi ya kuchagua. Uji au chai? Shati hili au lile? Kuketi ndani au nje kwenye kivuli na wenzake? Anayezoea kuulizwa hujifunza kusema, hata kama husema kwa macho tu.

Mama, kupumzika si kumtupa mtoto. Mgongo unaouma na usingizi uliokatika vitakuangusha siku moja, na siku hiyo utalazimika kumwachia mtu ambaye hajafunzwa lolote. Afadhali umfunze leo ukiwa na nguvu. Kijana aliyevuka bahari, asiyejua hata lugha ya nyumbani kwa mtoto, ameweza. Sembuse shangazi aliyemwona akizaliwa?

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Juma hili tafuteni kidole cha pili. Mpaka tutakapokutana tena, kwaherini.